Nani Kasema? Kinyago, Kikaragosi na Dhihaka kwa Wakubwa

Sanaa za maonyesho zenye tashtiti, yaani kejeli inayoelekezwa kwa makusudi kwa mwenye mamlaka ili upuuzi au maovu yake yaonekane, hutumia njia nyingi, na mojawapo ya zilizo kongwe zaidi ni kumwondoa msemaji mbele ya macho ya hadhira na kuweka mahali pake uso wa mti, wa nguo au wa mpira. Uso huo ukivaliwa na mchezaji huitwa kinyago. Ukiwa ni sanamu inayochezeshwa kwa mkono, kwa fimbo au kwa nyuzi na mtu aliyejificha, huitwa kikaragosi. Katika hali zote mbili maneno yanayotamkwa hukosa mwenyewe wa wazi, kwa maana kila mtu amemwona aliyeyasema, lakini aliyeonekana si mtu. Mkubwa aliyedhihakiwa akiuliza ni nani kasema, hujibiwa kwamba kimesema kinyago, na jibu hilo, ambalo mahakamani lingekuwa kichekesho, uwanjani hupokelewa.

Kupokelewa huko ndiko kunakostahili kuchunguzwa, kwa sababu kinyago chenyewe, kikiwa kimetundikwa ukutani, hakimkingi mtu yeyote. Kinachomkinga mchezaji ni makubaliano kati yake, hadhira na huyo anayedhihakiwa kwamba kwa muda fulani na mahali fulani jambo fulani linaweza kusemwa bila mtu kuchukua kisu. Pale makubaliano hayo yalipo, hata kipande cha kanga kilichofungwa usoni kinatosha. Pale yasipokuwapo, hakuna ustadi wa uchongaji utakaosaidia.

Kidatu, mji mdogo ulio chini ya milima ya Udzungwa kwenye lango la kaskazini la Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ni mahali panapofaa kuyatazama makubaliano hayo, kwa kuwa wakazi wake hawakukusanywa na ukoo bali na kazi. Kampuni ya Sukari Kilombero ilianzishwa mwaka 1960, na viwanda vyake vya Msolwa na Ruembe vimekaa kila kimoja upande wake wa Mto Ruaha Mkuu. Mitambo ya kwanza ya umeme wa bwawa la Kidatu ilianza kazi mwaka 1975, mwaka uleule ambao ujenzi wa reli ya TAZARA inayokatiza bondeni ulikamilika. Wapogoro, Wandamba, Wambunga na Wahehe waliokuwapo katika bonde na kando yake walijikuta wakipanga chumba kimoja na Wangoni, Wabena, Wanyakyusa na Wamakonde waliofuata mishahara, na katika miongo ya karibuni Wasukuma wameteremka na ng'ombe wao hadi kwenye mbuga za Ifakara na kwingineko. Watu wasiojuana namna hiyo hulazimika kupata njia ya kuambiana mambo magumu, na njia waliyokuwa nayo tayari ni utani.

Utani ni uhusiano unaoziruhusu pande mbili, aghalabu makabila yaliyowahi kupigana au kufanya biashara, na ndani ya ukoo watu kama babu na mjukuu au mtu na shemeji yake, kutukanana bila kukasirikiana, na unaofungamana na wajibu mzito wa kusaidiana, hasa penye kifo. Wahehe na Wangoni, ambao babu zao waliuana vitani katika miaka ya 1870 na 1880, leo ni watani, na Mhehe anayemwita Mngoni mtumwa wake mbele ya umati hana hofu ya kesi, maadam naye atarudishiwa vivyo hivyo kabla hajamaliza kucheka. Msibani ndipo utani unapokaribia zaidi sanaa ya kinyago. Mtani huvaa koti au kanzu ya marehemu, hushika bakora yake, huiga mwendo wake na namna alivyokuwa akikohoa kabla ya kuomba hela, hudai madeni ambayo marehemu amekwenda nayo, na wakati mwingine hulala kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa watoe chochote. Na wafiwa, ambao muda mfupi uliopita walikuwa wakilia, hucheka huku machozi hayajakauka. Nguo ya marehemu hapo ni kinyago kamili, kwa kuwa aibu za mtu, ubahili wake na ulevi wake husemwa hadharani siku ambayo desturi inakataza kabisa kumsema vibaya aliyekufa, na msemaji haulizwi kitu.

Uhuru huo, hata hivyo, una mipaka inayojulikana na kila mmoja. Si kila mtu ni mtani, si kila siku ni siku ya utani, na mtani aliyetukana leo ndiye atakayechimba kaburi na kuteka maji kesho, kiasi kwamba dhihaka yake imekwisha kulipiwa kwa utumishi. Zaidi ya yote, utani huenda na kurudi. Viongozi wa Tanzania wanaupenda sana majukwaani, ambako si ajabu kumsikia rais au waziri akilitania kabila la wenyeji wake na umati ukaangua kicheko; lakini umati huo hauna nafasi ya kumrudishia, na utani wa upande mmoja, hata ukichekesha vipi, ni jambo jingine. Dola ya kisasa imewafanya watu wote kuwa raia wake bila kuwa mtani wa yeyote kati yao, na karibu matatizo yote yaliyoipata tashtiti ya kisiasa Afrika Mashariki yanatokana na hali hiyo.

Jamii zenye vinyago halisi zilikwisha kukutana na tatizo hilo wakati wa ukoloni. Kwa Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma, kinyago cha kichwani huitwa lipiko, kwa wingi mapiko, na ngoma yake upande wa Tanzania hujulikana zaidi kwa jina la midimu. Huchongwa kwa mti mwepesi, aghalabu hubandikwa nywele za binadamu, na mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima ili pasionekane hata kipande cha ngozi, naye huona njia kupitia tundu la mdomo. Kwa asili kinyago hicho kilihusiana na jando na roho za wahenga, na walio nje ya siri ya jando walitakiwa kuamini kwamba aliyetokea si jirani yao. Lakini wachongaji wa Msumbiji hawakukawia kuwatia humo watu wapya, yaani Mreno mwenye masharubu, mwenye duka wa Kihindi, askari na karani, ambao walicheza uwanjani kwa mikogo ileile iliyowachosha wanakijiji kila siku. Wakati vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, sanaa hiyo ilikuwa imekwisha kujua kumchora mtawala.

Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji wana ngoma ya Gule Wamkulu, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008, ambayo miongoni mwa vinyago vyake vingi kipo Simoni, mwenye uso mwekundu kama Mzungu aliyeungua jua. Wamisionari walipambana na ngoma hiyo kwa miaka mingi na hawakuishinda. Kilichoyadhoofisha makali yake kwa namna nyingine ni heshima: Rais Hastings Banda, aliyejivunia Uchewa, aliipokea katika sherehe za taifa, na kinyago kinachocheza mbele ya rais kwa mwaliko wa rais hakina haraka ya kumchora rais. Jambo hili husahauliwa mara nyingi na wanaodhani kwamba adui wa pekee wa kejeli ni marufuku.

Wasukuma, kwa upande wao, walifika mapema zaidi kwenye kikaragosi. Jumuiya zao mbili kubwa za ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana katika sherehe za bulabo, zinazofanyika karibu na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni na ambazo zinajulikana zaidi kwa zile za Bujora, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake, hivyo kila manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, hutafuta kitu cha kuwahamisha watazamaji wa mwenzake: chatu aliye hai, fisi wa kufuma, au sanamu ya mti yenye viungo vinavyochezeshwa, inayofanya vituko ambavyo mtu mwenye heshima zake asingevifanya mbele ya wakwe. Mashindano hayo humfunza msanii jambo ambalo vyuo vya sanaa huhangaika kulifundisha, nalo ni kwamba hadhira iliyosimama ina miguu, na dhihaka isiyogusa kitu inachokijua huiacha iondoke.

Beni nayo inastahili kutajwa, ingawa haikuvaa kinyago cha mti. Ngoma hiyo ya kuiga bendi za jeshi ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika na bara zima pamoja na maaskari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikagawana vyeo vya kifalme na kijeshi kwa sare, nishani na saluti. Wanahistoria wamebishana kama wachezaji walikuwa wakimheshimu Mzungu au wakimsanifu. Huenda wachezaji wenyewe wasingependa ubishi huo umalizike, maana afisa wa kikoloni aliyetazama beni bila kujua kama anachekwa alikuwa amewekwa pale hasa tashtiti inapotaka mtu awekwe.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sanaa za maonyesho Tanzania zilipewa kazi ya kuhamasisha. Ngonjera, yaani mashairi ya majibizano yanayoghaniwa mbele ya hadhira, kwaya na ngoma za mapokezi zilieleza siasa ya chama, na aliyedhihakiwa ndani yake alikuwa kabaila, mlanguzi au mvivu, lakini karibu kamwe si katibu wa chama wa eneo hilo. Kejeli iliyobaki ilihamia katika vichekesho, michezo mifupi ya papo kwa papo ambayo kila aliyesoma shule ya msingi ameiona: mto umeingizwa ndani ya shati kuwa kitambi, unga umepakwa kichwani kuwa mvi, koti limezidi kimo, na kalamu tano zimepangwa mfukoni. Kwa maleba hayo, yaani mavazi ya kuigizia, bosi amekwisha kufika kabla hajatamka neno, na mwalimu mkuu aliyeketi mstari wa mbele hutazama kitambi kile, hukitazama chake, kisha hucheka kwa sauti kuliko wote ili isionekane kwamba ameelewa.

Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walijaribu kuirudishia sanaa ya kijiji mdomo wake kupitia kile kilichoitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ambapo wanakijiji wenyewe huchagua tatizo, huliigiza kwa ngoma na michezo yao, kisha hulijadili mbele ya viongozi. Katika kijiji cha Malya, huko Usukumani, kati ya mwaka 1982 na 1983, mimba za wanafunzi na vijana kukosa kazi viliigizwa na waliohusika mbele ya waliotakiwa kujibu. Njia hiyo haikuhitaji kinyago, na ubora wake ndio uliokuwa udhaifu wake pia: kila mtu alijua ni nani kasema, na wageni wa chuo kikuu wakishaondoka, aliyesema alibaki kijijini na mwenyekiti wake.

Kikaragosi cha kisiasa katika maana yake ya kisasa kiliingia Afrika Mashariki kwa mlango wa televisheni, na aliyekiingiza ni Mtanzania. Godfrey Mwampembwa, mchora katuni anayejulikana kwa jina la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na tangu mwaka 1992 akafanya kazi Nairobi katika gazeti la Nation. Aliiga mfano wa kipindi cha Ufaransa cha Les Guignols de l'info, kilichoanza mwaka 1988, ambacho nacho kilifuata nyayo za Spitting Image cha Uingereza cha mwaka 1984, na mwezi Mei 2009 kipindi chake cha XYZ Show kikaanza kuonyeshwa Citizen TV. Kenya ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mwai Kibaki na Raila Odinga walikuwa wakigawana serikali moja, na vikaragosi vyao vikagawana meza moja.

Kichwa cha namna hii huanza kama katuni ya karatasi, kisha hufinyangwa kwa udongo, na juu ya udongo hutengenezwa kalibu ya plasta, ambamo humiminwa mpira wa povu unaookwa katika tanuri mpaka ushike. Unapotoka huwa laini kama shavu, na hapo huwekwa macho yanayogeuka, meno, nywele na rangi. Mchezaji hujificha chini ya meza ya studio na kuingiza mkono kichwani, vidole juu na dole gumba chini, ili mdomo ufuate sauti ya mwigaji, na mara nyingi mchezaji wa pili huazima mikono yake mwenyewe kuwa mikono ya waziri. Msanii anayechora katuni huweza kuongeza pua au kupunguza shingo, lakini mpira humwongezea kitu ambacho karatasi haina: pumzi ya kusitasita kabla ya kudanganya.

Kuna swali ambalo wapenzi wa sanaa hii hulikwepa, nalo ni kama inamuumiza mkubwa kweli. Nchini Ufaransa wachambuzi wengi walidai kwamba kikaragosi cha Jacques Chirac, kilichomwonyesha kama mzee mchangamfu anayesalitiwa na rafiki zake, kilimsaidia katika uchaguzi wa urais wa 1995 kwa kumfanya apendeke. Mtu aliyechongewa kinyago amekubaliwa kwamba ni mkubwa, na wanasiasa wadogo hujua hivyo. Wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, na methali hiyo huusifu ushujaa wa mchongaji, ila kwa hoja hii ina upande wa pili: hadhira iliyozoea kumcheka kiongozi kila Jumapili jioni huweza kuacha kumwogopa, na vilevile huweza kuacha kumkasirikia.

Upande wa Tanzania mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka michezo ya jukwaani ipate kibali, na vikundi vya sanaa husajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Kwa hiyo kabla kinyago hakijasema, aliye nyuma yake amekwisha kuandikisha jina na anwani. Simu ya mkononi ilionekana kuwa njia ya kuchepuka. Oktoba 2019, siku ya kuzaliwa ya Rais John Magufuli, mchekeshaji Idris Sultan alisambaza picha ambamo programu ya simu ilikuwa imebadilisha sura zao, Rais akiwa na uso wa mchekeshaji na mchekeshaji akiwa na uso wa Rais, na akatakiwa kuripoti polisi. Mei 2020 alikamatwa kwa sababu ya video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais. Uso wa kubandikwa kwa programu ni kinyago kwa kila maana ya neno hilo, isipokuwa moja tu: hakuna uwanja. Aliyepokea picha kwenye kundi la simu hakuketi pamoja na wenzake wala hakuwasikia wakicheka, na hajui kama siku ile ilikuwa ya utani au ya matusi. Makubaliano yaliyoelezwa huko juu hayawezi kutumwa pamoja na picha.

Jinsi jamii nyingine ilivyoyahifadhi makubaliano hayo inaweza kuonekana katika mji ambao watu wa Ifakara wana uhusiano nao wa siku nyingi. Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, iliyokuwa na makao yake Basel, ilifungua maabara Ifakara mwaka 1957, na maabara hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Wenyeji wa Basel, wanaojulikana hapa kwa darubini na utafiti wa malaria, huko kwao hufanya kila mwaka sherehe ya vinyago iitwayo Fasnacht. Saa kumi alfajiri ya Jumatatu inayofuata Jumatano ya Majivu taa za mji huzimwa, na vikundi hutokea gizani na ngoma, filimbi na taa kubwa za turubai zilizochorwa kejeli za mwaka huo kuhusu madiwani, mawaziri, benki na viwanda vya dawa. Mshiriki hutakiwa asitambulike, watazamaji hawavai vinyago, na katika vilabu waimbaji waliojifunika uso hughani beti fupi ambazo mstari wake wa mwisho ndio wenye sumu. Siku tatu baadaye, saa kumi alfajiri ya Alhamisi, kila kitu hukoma, na diwani aliyechorwa hurudi ofisini kama mtani aliyetoka msibani. Hakuna kibali kinachotafutwa kwa kila beti, kwa sababu kalenda yenyewe imekwisha kukitoa.

Kwa vijana wa Kidatu wenye kutaka kuijaribu sanaa hii, tanuri la Nairobi si lazima. Peter Schumann, aliyeanzisha kikundi cha Bread and Puppet mjini New York mwaka 1963 na kuandamana na sanamu zake kupinga vita vya Vietnam, alijenga vichwa virefu kuliko mtu kwa udongo, magazeti ya zamani na gundi, akivichukulia kama sanaa ya bei rahisi ambayo haipaswi kumwogopesha mtazamaji kwa gharama yake, na baada ya onyesho aliwagawia watu mkate aliouoka mwenyewe. Udongo wa mfinyanzi bondeni upo, magunia ya sukari ya kushonea mwili yapo, na uji wa unga wa muhogo hugandisha gazeti sawasawa na gundi ya dukani. Meneja, diwani, mnunuzi wa miwa anayepunja kwenye mizani na mfugaji anayedai ng'ombe wake hawali mpunga ni watu ambao kila mtu kuanzia Mkamba hadi Mang'ula amekwisha kuwaona, na iwapo wachezaji watagawana nafasi kwa kufuata utani uliopo, Mngoni akamcheza Mhehe na Mhehe akamcheza Mngoni, nusu ya kibali itakuwa imepatikana kabla ya kwenda ofisini. Vichwa vya karatasi hukauka juani kwa siku chache, isipokuwa wakati wa masika, ambapo maji hutanda bondeni, kiwanda husimama na kazi zote za namna hiyo husubiri mpaka uvunaji wa miwa uanze tena.